Nani Anakupima Kilo?



Mwezi huu nilikuwa nimetayarisha kuendelea na mambo ya ndoa, namna tulivyoagana. Mtanisamehe, tutayarudilia. Barua moja imenifikia kwa mkono wa shofere wa Fuso, imeandikwa juu ya karatasi ya kaye iliyokunjwa mara nne, na tangu siku ile usingizi umekuwa kidogo. Imetoka kwa kijana anayefanya kazi kwenye machimbo ya koltani upande wa Masisi. Sitataja jina lake wala shimo lake. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuwasomea sehemu hii, nami naiacha kama alivyoiandika:

«Pasta, niko na miaka 24. Nilitoka Goma kisha volkano ya 2021. Tulikuwa wane. Moja ameisha kujenga Ndosho. Wa pili iko na moto mbili, zinamutumikia. Wa tatu ameisha kuoa. Miye ningali tu nabeba mufuko. Mama anapiga telefone, sishike. Nitamuambia nini? Niliapa nitarudia na moto ao sirudie. Ku kanisa ya huku sifike juu ya viatu. Pasta, Mungu anaonaka na batu kama sisi, ao anaangaliaka tu bale banafanikiwa?»

Ndugu yangu kijana, nitakujibu. Lakini acha kwanza nikuambie kwa nini barua yako imeniogopesha.

Mwaka 2016 kijana mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa akiimba tenori katika kwaya, alipanda Rubaya. Hakuaga vizuri. Baba yake alikuwa mwashi, mmoja wa wale wanaovunja mawe ya volkano kwa nyundo na kujenga kuta za watu, kazi tunayoijua wote hapa Goma. Mwaka 2019 mzee yule aliugua, akafa. Tulimtumia mtoto habari kwa njia tatu: kwa telefone, kwa shofere, na kwa mchungaji wa kule. Habari ilimfikia. Siku ya maziko hakuonekana. Kilio kiliendelea, na mama mjane alikuwa amekaa siku zote upande wa ukuta unaotazama barabara. Jua lilikuwa linamchoma. Wamama walimwambia asogee kivulini, akakataa.

Yapata majuma matano nyuma yake, saa ine ya usiku, mtu akagonga kwangu, dirisha la upande wa jikoni. Ni yeye. Alikuwa amekonda, na vumbi nyekundu ya kule ingali kwenye kope za macho. Bibi yangu akamwekea bugali na sambaza, akala bila neno. Kiisha akasema: «Pasta, ningefika ku kilio na mikono ya bure namna gani? Wenzangu wangeleta mufuko ya muchele. Batu bangeuliza: miaka tatu, aliletea baba yake nini?»

Nikaanza kumkemea kwa upole, namna sisi wachungaji tulivyozoea. Nikamwuliza kama alifikiri baba yake alikuwa anangojea mchele. Akaniangalia kwa muda, akasema: «Lakini ni wewe, Pasta, ulisemaka.»

Nilisema nini? Nilikuwa nimesahau kabisa. Akanikumbusha. Ilikuwa siku ya mavuno kanisani. Tulikuwa tunaita watu kupita mbele kwa mafungu: kwanza wenye kutoa dola mia, kiisha hamsini, kiisha ishirini, mpaka chini. Yeye alifika katika fungu la mwisho na noti yake ya franga mia tano. Nami kwa furaha ya siku ile nilishika mikro nikauliza, vijana wetu hawa watatoa lini kama wanaume? Watu walicheka. Na yeye alicheka. Siku ya nne akapanda Rubaya.

Nimekuwa mchungaji miaka mingi na nimefanya makosa mengine, ya kusema na ya kutenda. Lakini lile ndilo linalonifikia nikiwa peke yangu. Yakobo katika mlango wa pili wa waraka wake anasema waziwazi juu ya kanisa linalompa mwenye pete ya zahabu kiti kizuri na kumsimamisha maskini pembeni. Nilihubiri mlango ule mara sijui ngapi. Na kanisani mwangu viti vya plastiki vyenye mikono vilikuwa vya nani? Vya ma-PDG wa mashimo, wakishuka Goma siku ya Mungu.

Asubuhi yake kabla ya jua nilimsindikiza kwa mama. Nilitayarisha maneno ya kupatanisha, Mithali mbili tatu, sikupata nafasi ya kuyasema. Mama yule alimshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima boga sokoni, akasema: «Moto, nilikuomba moto miye? Nilizaa sita, wawili Mungu aliwachukua. Kila mangaribi nahesabu wane. Miaka hii yote nilikuwa nahesabu tatu na nusu.» Hakusema zaidi ya hapo. Akaenda kuwasha makala.

Sasa tuseme juu ya kupimwa, kwa sababu ninyi wa machimboni mnajua kazi hiyo kuliko mimi.

Mchimbaji akifika kwa negosia, kitu cha kwanza ni kilo. Mfuko unawekwa juu ya mzani. Lakini kilo peke yake haitoshi. Wanatafuta teneri, ni kusema, ndani ya mchanga ule mweusi tantali ni ngapi. Kwenye makontuare wanaielekeza mashine ndogo inayofanana na bastola, na mashine inasema: 20 kwa mia, 30 kwa mia. Watu wawili wametoka shimo moja, wamelala chini ya shiti moja, mmoja anaondoka anacheka, mwingine anaondoka kichwa chini. Ndivyo kazi ilivyo, siilaumu mashine. Jiwe linapashwa kupimwa.

Taabu inaanza pale kijana anapotoka kwenye mzani, na mzani unamfuata mpaka nyumbani. Anapimwa kwa simu aliyo nayo. Anapimwa kwa viatu. Zamani ulijilinganisha na jirani wa kiwanja chako tu. Leo ukifungua WhatsApp unaona status za watu mia mbili, na kila mmoja amechagua picha ya siku yake nzuri. Hakuna anayeweka picha ya deni lake. Rafiki yako aliyesimama kando ya moto, je, umejua kama ni yake ao ya versement, ya kulipa kila jioni? Wewe unalinganisha ndani yako yote na nje yake kidogo.

Na tena, mzani huo hautulii. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2000. Viwanda vya simu na vya michezo ya televisheni huko ngambo vilitafuta tantali kwa nguvu, na katika mwaka ule mmoja bei yake kwenye masoko ya dunia ilipanda karibu mara kumi. Huku kwetu walimu waliacha chaki, wakulima wa Masisi waliacha viazi na maharagi shambani. Mjomba wangu mmoja aliuza ng’ombe watatu ili anunue vyombo na kulisha wachimbaji. Kwa miezi kadhaa alikuwa mtu mkubwa. Watu walimwachia nafasi mbele ya gari, na vijana walimwita shefu. Lakini kabla mwaka 2001 haujaisha, bei ilikuwa imeshuka karibu pale ilipotoka. Mjomba akarudi kukaa nyuma, juu ya mizigo, pamoja na kuku. Jiwe lilikuwa lile lile. Mjomba alikuwa yule yule, na kusema kweli alikuwa mtu mwema zaidi akikaa nyuma. Watu wasiomjua, katika miji ambayo hajawahi kuiona, walipandisha thamani yake na kuishusha, na yeye aliamini mara zote mbili.

Kiisha, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya mji, ukala maduka, makanisa, nyumba, na sehemu ya uwanja wa ndege. Usiku ule tulivuka wengi kwenda Gisenyi. Nilikuwa kijana bado. Nilikaa chini kwenye majani kando ya mfanyabiashara mmoja ambaye mchana wa siku ile nisingethubutu hata kumsalimu. Yeye alikuwa na ufunguo mkononi. Mimi nilikuwa na blanketi. Tulijifunika pamoja. Mpaka asubuhi aliendelea kuchezesha ufunguo ule, na duka halikuwapo tena.

Ndugu kijana, umeuliza kama Mungu anaonaka na watu kama ninyi. Fungua Matayo mlango wa 20. Bwana Yesu anasema habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta wafanya kazi. Alitoka alfajiri, akatoka tena na tena, hata saa kumi na moja ya mchana akakuta wengine wangali wamesimama sokoni bila kazi. Wewe unawajua watu wale. Wako hapa kwetu kila siku, soko la Virunga, Birere, wanangojea mtu awaite kushusha mzigo, na saa kumi na moja wanangali pale kwa sababu wanaogopa kurudi nyumbani mikono ya bure. Ni wewe kabisa! Na mwenye shamba aliwatafuta na wale. Hakuuliza kwa nini hawana viatu.

Lakini tazama wale wa alfajiri. Waliagana dinari moja kwa siku, na dinari ilikuwa mshahara halali wa siku nzima. Asubuhi waliifurahia. Mchana kutwa waliifurahia. Wakaja kuichukia jioni, na saa ile tu walipoona wenzao wa saa kumi na moja wanapokea ile ile. Hakuna aliyewaibia hata senti. Dinari haikupunguka mikononi mwao. Jicho lao ndilo lilitoka kwenye mkono wao likaingia katika mkono wa mwingine. Nimewahi kurudi nyumbani nimefurahi na kilo mbili za nyama, halafu nikakutana na mchungaji mwenzangu anashuka katika jeep mpya. Nyama yangu ikawa kama imeoza. Bibi yangu aliniuliza nani amekufa.

Na hata mitume walikuwa na ugonjwa huu. Mwisho wa Injili ya Yohana, Petro amekwisha kusamehewa na kupewa kazi yake pale kando ya ziwa, baada ya aibu yake yote. Kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuka nyuma na kumwona mwanafunzi mwingine, akauliza habari za yule. Bwana alimjibu kwa ufupi kwamba mambo ya yule hayamhusu, yeye afuate tu. Nami nafikiri, bila kuongeza juu ya Maandiko, kwamba sauti ya Bwana wakati ule ilikuwa na cheko kidogo ndani yake.

Jambo lingine. Wakati gani Baba wa mbinguni alitangaza kwamba Yesu ni Mwana wake mpendwa anayempendeza? Ni kwenye Yordani, siku ya ubatizo, mlango wa tatu wa Matayo. Alikuwa hajafanya muujiza hata mmoja tunaosoma. Hajahubiri mlimani. Hajaponya mtu. Alikuwa fundi wa mbao kutoka Nazareti, mji ambao watu waliuchekelea. Upendo ulitangulia kazi. Na katika mlango wa ine, Shetani anaanza palepale: kama wewe ni Mwana, onyesha kitu, fanya mawe yawe mkate. Ndiyo sauti ile ile inayokusemesha huko mlimani: kama wewe ni mtu, onyesha moto. Yesu hakuonyesha. Hakuwa na haja, kwa sababu alikuwa amesikia neno la Baba yake mbele.

Wewe vilevile. Siku uliyobatizwa hatukukuweka juu ya mzani. Hatukuuliza teneri yako. Ulioshwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na jina lile halipandi wala halishuki na bei ya Ulaya. Kristo alitoa damu yake kwa ajili yako, si kwa ajili ya ndugu yule mwenye nyumba Ndosho zaidi, wala si kwako kidogo.

Hapa napashwa kusimama kidogo, maana kuna watu watakaolifurahia neno hili kwa njia mbaya. Nawajua. Ni wale watakaosema: unaona, hata Pasta ameandika, mchimbaji atosheke na kidogo chake, asilalamike. Hapana! Sikuandika hivyo. Kuna negosia wanaokata kilo mbili juu ya maji, kilo moja juu ya udongo, na nyingine moja juu ya nguvu zao tu. Mithali mlango wa 11 inaanza na mzani wa uongo, na inasema ni chukizo kwa Mungu. Yakobo mlango wa tano anasema mshahara ulioibwa unalia. Kudai haki yako si kujilinganisha. Tena nimeona, anayejiona si kitu ndiye anayeibiwa kwa urahisi, anachukua anachotupiwa na kusema aksanti. Kijana anayejua kwamba ni mtoto wa Mungu ndiye anayethubutu kusema mbele ya watu: Shefu, pima tena.

Wala sisemi kazi ya shimo ni ya dhambi ao ya aibu. Simu zote za dunia zinahitaji tantali ile, na wenye kuhesabu mambo haya wanakadiria kwamba Rubaya peke yake imekuwa ikitoa karibu 15 kwa mia ya tantali ya ulimwengu. Ni jasho lenu. Hapa Goma mtu wa chukudu alidharauliwa miaka na miaka, anasukuma mbao zake na mzigo wa viazi, magari yanampigia honi. Halafu mji ukamsimamisha katikati ya rond-point, amepakwa rangi ya zahabu, na jeep zote zinapashwa kumzunguka. Rafiki yangu mmoja wa chukudu hunisalimu kila mara tukipita pale: «Pasta, wa kwako wachungaji sanamu yao iko wapi?» Sijapata jibu.

Wazazi, neno fupi kwenu. Acheni kusema mbele ya mtoto, angalia mtoto wa fulani ameisha kujenga. Mnafikiri mnamtia nguvu. Wababa, wengi wenu mmenunua chakula mwaka mzima kwa feza ya mtoto bila kumwuliza anapolala. Wamama, na ile habari ya kikwembe cha tarehe 8 Machi, anayekosa kukinunua anabaki nyumbani kana kwamba siku ile si yake. Likilimba yenu ingeweza kumsaidia, ikitaka. Tangu vita vya Januari 2025, mabanki ya mji yalipofunga milango, tumeona ni nani aliyelisha nani. Katika mtaa wetu, nyumba tatu za mbao zililisha nyumba moja ya etaji kwa karibu mwezi mzima. Sisemi ili kuicheka etaji. Nasema kwa sababu niliona.

Na kanisani mwangu, kwa wale watakaouliza: tumeacha kuita watu kwa mafungu. Kikapu kinapita, kila mtu anaweka, mkono umefungwa. Mwaka wa kwanza matoleo yalipunguka, na wazee wa kanisa walinikasirikia sana, mmoja mpaka leo. Viti vyenye mikono tumewapa wamama wenye mimba na wazee wasioona vizuri. Yule kijana wa tenori anafanya kazi ya baba yake, anavunja mawe na kujenga kuta. Ukuta wa choo cha kanisa ni wake. Moto hajanunua. Aliposikia nataka kuandika habari yake alicheka, akaniomba tu nisiseme uwongo kwamba amekuwa tajiri.

Basi, mwana wangu wa Masisi, umenipa swali nami nimekupa hotuba, ndiyo shida ya kuandikia mchungaji. Ukitaka kubaki huko kazini, baki, lakini nenda kanisani na miguu yako kama ilivyo. Mchungaji wa kule nimemwandikia, anajua kwamba utakuja, na yeye mwenyewe alilelewa bila viatu. Ukitaka kurudi, usingoje moto. Shofere aliyeniletea barua yako anaijua nyumba yetu, na nimekwisha kuagana naye, atakubeba mpaka Goma bila kukulipisha. Ukifika usiku, gonga dirisha la upande wa jikoni, bibi yangu analala huko na atakusikia wa kwanza. Nina pea moja ya viatu, namba 42, vimevaliwa lakini ni vizima. Kesho yake tutakwenda pamoja kwa mama.

Na mama akipiga leo mangaribi, shika telefone.